Mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati: ndagala ya mama inafika ndani ya maziwa

Katika miezi 3 ya mwisho tumboni, ubongo wa mtoto unakusanya asidi ya mafuta inayoitwa DHA. Anayezaliwa mbele ya juma la 37 amekatiwa akiba hiyo. Sasa ataipata wapi? Ndani ya maziwa ya mama yake. Maji ya sukari hayana.

Mama naye anaipata zaidi kwa samaki. Nchini Tanzania, watafiti walikuta DHA nyingi katika maziwa ya wamama wanaokula samaki wa ziwa. Wamama wa Kirungu wana ndagala za Tanganyika.

Kama mtoto hawezi kunyonya, mama akamue mpaka titi liishe, juu maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Muuguzi ataonyesha namna ya kumpa kwa kikombe ao mpira.