Siri Haimo Kwenye Tairi

Wateja wengi siku hizi hunionyesha kwenye simu picha za nyumba zilizojengwa kwa tairi na chupa, kisha huniuliza: "Fundi, zitahitajika tairi ngapi?" Mimi ni mwashi wa Njombe. Kabla ya kuhesabu tairi, mimi huuliza jua linapita upande gani wa kiwanja.

Nyumba hizo huitwa Earthship, na chimbuko lake ni Taos, katika jimbo la New Mexico, Marekani. Msanifu Michael Reynolds alianza huko mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa makopo ya bia, akiyafunga kwa waya yawe matofali. Baadaye akageukia tairi chakavu.

Kazi yenyewe ni ya jasho. Tairi hulazwa, boksi huziba tundu la chini, udongo hutiwa kwa sepetu na kushindiliwa kwa nyundo hadi tairi ivimbe. Ikijaa hupita kilo 130. Huinyanyui tena, kwa hiyo unaishindilia palepale itakapokaa. Kozi ya juu unaikatisha viungo kama ya tofali. Chupa na makopo hujengea kuta za ndani zisizobeba paa.

Ukuta huo mnene, uliofukiwa udongo kwa nyuma, hutunza joto. Taos iko mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari: mchana jua kali, usiku wa majira ya baridi maji huganda. Upande wa kusini wote ni kioo, maana jua la miezi hiyo hupita chini upande huo. Mchana ukuta hunywa joto, usiku hulirudisha ndani. Nje theluji, ndani migomba imestawi.

Migomba hiyo hunyweshwa maji ya kuogea. Mvua na theluji ya paani huingia matangini; maji yakishachujwa, watu hunywa na kuoga. Yakitoka bafuni hupita kwenye bustani ya ndani, kisha husukumwa chooni, na mwisho huishia kwenye mimea ya nje. Maji yaleyale, kazi nne. Umeme ni wa paneli za jua na betri.

Sasa ukimjengea mtu wa Tanga nyumba hiyo kama ilivyo, utamwoka. Usiku wa pwani haupoi vya kutosha, ukuta hautapata nafasi ya kutua joto lake. Yeye anahitaji upepo na upenu mpana. Njombe inafaa, ila igeuzwe: Juni na Julai, baridi inapouma, jua letu liko kaskazini, basi kioo nacho kitazame kaskazini.

Huna uwezo wa kujenga upya? Funga gata kwenye bati, weka tangi, na bomba la bafuni lielekeze kwenye mgomba badala ya shimoni. Hilo linafaa Tanga na Njombe vilevile, na halidai tairi hata moja.