Januari 24 Old Kampala: Tarehe yenye jua lisiloaminika

Na Mwandishi Wetu, Kampala

KWA mtu aliyeishi London, Toronto au Stockholm, kuna kisanduku kidogo cha gazeti ambacho hakimpiti. Kinaeleza hali ya hewa ya tarehe ya siku hiyo katika miaka iliyopita: mwaka gani baridi ilikuwa kali kupita yote, mwaka gani theluji ilifunga barabara, na mwaka gani majira ya baridi yalikuja na joto la ajabu.

Je, gazeti likiamua kuchapisha kisanduku cha namna hiyo kwa ajili ya Old Kampala, tuseme kwa tarehe 24 Januari, litaandika nini?

Swali hili si la mchezo. Kwa aliyerejea nyumbani na kuanza biashara, na kwa anayepakia mahindi pale Kisenyi kuyapeleka Busia, jibu lake ni fedha.

Kipimajoto hakina habari

Kampala iko karibu sana na mstari wa Ikweta, katika kimo cha takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Januari, joto la mchana hufikia wastani wa nyuzi 28 hadi 29 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi 17 au 18. Julai, mwezi ambao wenyeji huona baridi na kuvaa sweta asubuhi, joto la mchana ni kama nyuzi 27. Tofauti ya mwezi wenye joto kali na mwezi wenye baridi haifiki nyuzi tatu.

Waasia wengi waliokuwa na nyumba na maduka Old Kampala waliijua tofauti hiyo kwa njia ngumu. Idi Amin aliwafukuza Agosti 1972 na kuwapa siku 90, mwisho ukiwa Novemba 8. Waliiacha Kampala katika msimu wa mvua, wakajikuta kwenye baridi ya Uingereza, baadhi yao katika makambi ya zamani ya jeshi kama Stradishall na Tonfanau. Waliorudi miaka ya 1990 kudai mali zao waliikuta hali ya hewa ya Kampala ikiwa ile ile, ingawa mengine mengi yalikuwa yamebadilika.

Kwa hiyo, anayetafuta rekodi za Old Kampala asihangaike na kipimajoto. Atazame mvua.

Kwa wastani wa miaka mingi, Januari hupata milimita 68 hivi za mvua, katika siku zisizozidi tano. Aprili hupata karibu milimita 170 katika siku 12, na Novemba karibu 150. Ndiyo kusema Januari 24 imekaa katikati ya misimu miwili: mvua za mwisho wa mwaka zimepita, na zile za Machi bado hazijaja.

Waganda waliandika hayo katika majina ya miezi yao, zamani kabla ya kipimo cha mvua kuletwa. Novemba ni Museenene, mwezi wa senene wanaokuja na mvua. Februari ni Mukutulansanja, mwezi ambao majani makavu ya migomba hukatika kwa ukame. Machi ni Mugulansigo, mwezi wa kununua mbegu. Hiyo nayo ni rekodi ya hali ya hewa, na imehifadhiwa vinywani mwa watu.

Jumapili ya moto

Januari 24 inayokumbukwa kuliko zote juu ya kilima hiki ni ya mwaka 1892. Ilikuwa Jumapili. Kapteni Frederick Lugard, aliyefika Desemba 18, 1890, alikuwa amejenga ngome yake hapa Old Kampala, kilima ambacho inasemekana swala wa Kabaka walikuwa wakilisha. Siku hiyo Waganda wa madhehebu ya Kikatoliki na wale wa Kiprotestanti walipigana, na bunduki ya Maxim ya Lugard ikasaidia upande wa Waprotestanti. Kanisa la Wakatoliki pale Rubaga liliteketea, na Kabaka Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe ziwani.

Mji wa wakati huo ulijengwa kwa matete na nyasi. Yeyote aliyewahi kuona paa la nyasi likishika moto katika kiangazi anajua kwamba ndoo za maji hazifui dafu.

Wiki hiyo hiyo ya Januari imerudi mara nyingine katika historia ya mji huu. Amin alimpindua Milton Obote Januari 25, 1971. Majeshi ya NRA ya Yoweri Museveni yaliiteka Kampala Januari 26, 1986. Hatusemi kwamba jua ndilo lililoangusha serikali. Lakini katika nchi ya vinamasi na barabara za udongo, msimu mkavu ndio unaompa nafasi kila anayetaka kusafiri, awe askari au mchuuzi.

Januari inapokataa kukauka

Tatizo ni kwamba wastani haumwambii mtu ukweli wote. Milimita 68 za Januari zimetokana na kuchanganya miaka mikavu na miaka ya mafuriko, kisha kugawanya.

Mwishoni mwa 1961 mvua ilinyesha Afrika Mashariki kwa kiasi ambacho wazee hawakuwahi kukiona. Ziwa Victoria lilianza kupanda na halikuacha hadi Mei 1964, likiwa limeongezeka kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 1997 ikaja El Nino, na mvua zilizopaswa kuisha Desemba zikaendelea hadi Januari 1998. Tena mwishoni mwa 2019 mvua zilikuwa kubwa, zikavuka hadi Januari 2020. Mei mwaka huo ziwa likaipita kidogo rekodi ya 1964, na mwaka 2024 likapanda zaidi ya hapo.

Upande wa pili kuna mwaka 2006. Baada ya ukame, na baada ya maji mengi kupitishwa katika mabwawa ya umeme ya Jinja, ziwa lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana tangu miaka ya 1920. Wakazi wa Kampala watakumbuka giza la mgawo wa umeme.

Miaka hiyo ya mvua nyingi ina chanzo kinachofanana. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika yanapopata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, mvua za mwisho wa mwaka huwa nyingi na huchelewa kuondoka. El Nino ikiungana na hali hiyo, kama 1997, mambo huwa mazito zaidi.

Gunia linapogeuzwa mpakani

Chini ya kilima, pale Kisenyi, mashine za kusaga zinanguruma tangu alfajiri na malori yanashusha magunia. Mahindi ya msimu wa pili, yaliyopandwa Agosti na Septemba, huvunwa kuanzia Desemba. Jua la Januari ndilo kikaushio cha mkulima. Likikosekana, mahindi huota ukungu na kuingiwa na sumukuvu.

Machi 5, 2021 Kenya ilitangaza kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo. Malori yalikwama mpakani. Siku tano baadaye njia ilifunguliwa, lakini kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Kiwango cha Afrika Mashariki nacho kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5.

Hapa ndipo kishawishi kinapoanza. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi 13.5, hubaki na kilo 95 tu. Muuzaji mwenye haraka huona anapoteza kilo tano, akauza mahindi yakiwa mabichi. Anayebeba hasara ni yule atakayesimamishwa Busia au Malaba na mzigo mzima.

Asiye na mashine ya kupima unyevu anaweza kuanza na chupa na chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi cha robo, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga na utikise, kisha acha kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, na mahindi hayo hayafai kuwekwa ghalani. Isipoganda, usishangilie bado, kwa kuwa mpakani wanataka 13.5 na hapo mashine ni lazima. Jambo jingine ni kuanika juu ya turubai na si juu ya udongo, maana ukungu huo hukaa udongoni.

Muhimu zaidi ni kufuatilia utabiri wa msimu mapema. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda, pamoja na kituo cha ICPAC cha nchi za IGAD kilichoko Kenya, hutoa utabiri wa Oktoba hadi Desemba kabla msimu haujaanza. Ukisikia kwamba bahari upande wetu ina joto na mvua zitazidi kawaida, usiweke mtaji wako kwenye jua la Januari. Tafuta turubai na ghala kavu kabla ya mavuno.

Kisanduku chetu cha Januari 24, basi, kingesomeka hivi: joto ni lile lile la kila mwaka, jua kwa kawaida lipo, lakini mwaka ambao halikuja haukuja kimyakimya. Ulitangaza ujio wake tangu Oktoba. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na mfanyabiashara wa leo ana nafasi ya kuyaona mawingu hayo yakiwa bado baharini.