Dawa Unazomeza na Mazoezi ya Viungo



Mgonjwa aliyepatwa na kiharusi, aliyevunjika mguu au anayeumwa magoti mara nyingi hupewa tiba mbili: dawa na mazoezi ya viungo. Dawa huandikwa na daktari, mazoezi husimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Wengi wetu hudhani tiba hizi hazihusiani. Kumbe zote mbili hufanya kazi katika mwili mmoja, na hatari huanza pale anayemfanyisha mgonjwa mazoezi asipojua amemeza nini asubuhi.

Hapa kwetu Sengerema jambo hili lina uzito wake. Mgonjwa hulazwa Bugando, Mwanza, akapewa dawa za huko. Akisharudi nyumbani, siku hizi kwa kupita daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, huendelea na mazoezi katika hospitali ya karibu. Maumivu yakizidi, mjukuu hutumwa duka la dawa. Jirani naye huleta mitishamba. Dawa zimetoka sehemu tatu, na mtaalamu wa mazoezi huenda hajaiona hata moja. Tutazame mifano.

Dawa za presha. Baadhi yake humfanya mgonjwa aone kizunguzungu akiinuka ghafla, na anaweza kuanguka. Mtaalamu anayejua hivyo humketisha kwanza ukingoni mwa kitanda dakika chache. Tena atenololi na propranololi hupunguza mapigo ya moyo. Ukimhesabia mapigo tu utadhani hajachoka, kumbe nguvu zimemwishia. Yafaa umtazame anavyohema na umwulize anavyojisikia.

Dawa za kisukari. Mazoezi hushusha sukari mwilini. Insulini na vidonge vya glibenklamidi navyo huishusha. Mgonjwa aliyetumia dawa hizo, akaja bila kula, anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa na hata kuzimia. Dalili zikianza, mazoezi yasimame, naye anyweshwe maji yenye vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari. Aliyezimia asinyweshwe kitu, bali apelekwe kwa daktari upesi.

Prednisoloni. Ikitumika kwa miezi mingi hudhoofisha mifupa na misuli, na kumnyoosha mgonjwa kwa nguvu kunaweza kumvunja. Wapo wanaoinunua bila cheti cha daktari ili wanenepe. Hao hawasemi wasipoulizwa kwa upole. Hata hivyo, aliyeitumia muda mrefu asiiache ghafla bila daktari.

Warfarini. Dawa hii huzuia damu isigande. Anayeitumia akikandwa kwa nguvu anaweza kuvuja damu ndani ya misuli.

Isoniazidi. Ni mojawapo ya dawa za kifua kikuu. Huweza kuleta ganzi na hali ya kuchomwachomwa nyayoni. Asiyejua atadhani ni uzee au mgongo, aongeze mazoezi, wakati mgonjwa anahitaji kurudi kliniki akaangaliwe kama apewe vitamini B6.

Dawa za maumivu. Parasetamoli ikimezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi, humsaidia mgonjwa kujongea vizuri. Lakini diklofenaki, inayonunuliwa sana kwa ajili ya magoti, inaweza kupandisha presha na kuziba maumivu ambayo yangemwonya mgonjwa kwamba amezidisha.

Hatusemi mtaalamu wa mazoezi abadili dozi. Hiyo ni kazi ya daktari. Yake ni kuuliza, kutambua na kutoa taarifa. Yeye hukaa na mgonjwa muda mrefu, wiki baada ya wiki, kwa hiyo anaweza kuona mabadiliko mapema kuliko wengine.

Nasi nyumbani tufanye nini?

1. Weka dawa zote katika mfuko mmoja, pamoja na pakiti zake, uende nao kila siku ya mazoezi.

2. Usifiche mitishamba wala dawa za dukani. Mhudumu anauliza ili akulinde, hakusudii kukugombeza.

3. Sema saa uliyomeza dawa na saa uliyokula.

4. Ukiona kizunguzungu, maumivu ya kifua au jasho la ghafla, acha zoezi na useme papo hapo.

5. Usiache dawa kwa sababu una mazoezi, wala usiache mazoezi kwa sababu una dawa.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamheshimu tabibu na hamsahau mtengeneza dawa, kwa kuwa kazi zao zote zatoka kwa Mungu. Basi wanaotutibu wasifichane habari, nasi tusiwafiche. Mzee wetu anayejifunza kutembea tena baada ya kiharusi asije akaanguka na kuvunjika nyonga kwa sababu tu hakuna aliyemwuliza amemeza nini.