"Albamu ya Peke Yake": Ni Nani Aliye Peke Yake?

Istilahi isiyo sahihi huweza kumfanya msomaji ahukumu jambo ambalo halikutendeka. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi istilahi moja ya muziki, "albamu ya peke yake", inavyoweza kumpotosha msomaji wa tahakiki. Mfano wetu ni Got to Be There, albamu ya Michael Jackson iliyotolewa na kampuni ya Motown nchini Marekani mwezi Januari 1972. Wakati huo mwimbaji alikuwa na umri wa miaka 13.

Kwanza tutenganishe maneno. Albamu ni mkusanyiko wa nyimbo zinazotolewa pamoja kama kazi moja. Enzi hizo ilikuwa santuri ndefu. Santuri ndogo ilibeba wimbo mmoja kila upande. Wimbo "Got to Be There" ulitangulia kwa santuri ndogo mwaka 1971, ukafika nafasi ya 4 katika orodha ya gazeti la Billboard. Albamu yenyewe ilifika nafasi ya 14 katika orodha ya albamu. Tarakimu hizo zaeleza mapokezi ya umma. Mapokezi ya wahakiki ni jambo jingine, nayo hupatikana katika tahakiki. Wala uhakiki si ukosoaji tu: mkosoaji hutafuta makosa, mhakiki hupima uzuri na udhaifu pamoja.

Sasa tuje kwenye "peke yake". Jackson alikuwa mmoja wa ndugu watano wa kundi la Jackson 5, na hakuliacha kundi hilo alipotoa albamu hii. Katika nyimbo zake 10, hakuna hata mmoja aliotunga yeye. Wimbo uliotoa jina la albamu ulitungwa na Elliot Willensky. Miongoni mwa watayarishaji walikuwamo Hal Davis na Willie Hutch. Baadhi ya nyimbo zilikuwa za kurudiwa: "Rockin' Robin" uliimbwa na Bobby Day mwaka 1958, na "Ain't No Sunshine" ni wa Bill Withers, aliyeutoa mwaka 1971 akiwa mtu mzima aliyepita miaka 30. Huo ni wimbo wa majonzi ya mtu ambaye mpenzi wake ameondoka.

Je, mtoto wa miaka 13 akiimba majonzi hayo, mhakiki apime nini? Akiamini kwamba kazi ni ya mtoto "peke yake", sifa za watunzi na watayarishaji zitamwendea asiyestahili zote. Lililo zito zaidi ni lawama: wimbo ukionekana haulingani na umri wa mwimbaji, lawama itamwangukia mtoto, ilhali waliomtayarishia kazi hiyo ni watu wazima.

Katika gazeti la Rolling Stone, mwaka 1972, mhakiki Vince Aletti aliisifu albamu hii kwa kuilinganisha na kazi za Jackson 5. Msomaji aliyeshika "peke yake" kwa maana yake ya kawaida atastaajabu kuona kazi ya mmoja ikipimwa kwa kazi za kundi. Lakini ulinganisho huo ni wa haki, kwani kampuni ilikuwa ile ile, na sauti iliyoongoza ilikuwa ile ile.

Tutumie neno gani basi? "Albamu ya solo" italeta utata, kwa kuwa katika bendi zetu za dansi solo ni gitaa, na mpiga solo anajulikana. "Albamu binafsi" nayo yadokeza mali au siri ya mtu. Tunapendekeza "albamu ya jina lake", yaani albamu inayotolewa kwa jina la mwimbaji mmoja, bila kudai kwamba aliifanya bila wenzake. Istilahi hii yafaa pia kwa Off the Wall ya mwaka 1979, ambayo Jackson alitunga baadhi ya nyimbo zake, huku Quincy Jones akiitayarisha.

Tunawaomba wasomaji, hasa waandishi wa magazeti na watangazaji, walijaribu neno hili katika kazi zao, kisha watuletee maoni.