Je, Wajua? Pumu Kifuani, Majibu ya Tezi Mkononi

Mwenye pumu wa Kyebando, Uganda, akitoka maabara na karatasi inayosema tezi yake ya thairoidi ina hitilafu, hujiona amebeba maradhi mawili. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Kabla hujaogopa, soma haya.

JE, WAJUA kwamba pumu imeenea Uganda kuliko wengi wanavyodhani? Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta takriban watu 11 katika kila 100 wenye umri wa miaka 12 na kuendelea wana pumu. Watafiti walitoka Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoko Mulago, jirani kabisa na Kyebando.

JE, WAJUA kwamba tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo chini ya kikoromeo, ina uzito wa gramu 15 hadi 25 tu? Homoni zake, T4 na T3, ndizo zinazopanga kasi ya moyo, joto la mwili na jinsi chakula kinavyogeuzwa kuwa nguvu.

JE, WAJUA kwamba TSH, homoni inayopimwa kwanza kuichunguza tezi hiyo, haitoki shingoni? Hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo. TSH ikipanda, kwa kawaida thairoidi imelegea. Ikishuka, imezidisha kazi. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya 0.4 na 4.0, ingawa kila maabara ina viwango vyake.

JE, WAJUA kwamba dawa ya pumu inaweza kubadilisha majibu hayo? Prednisoloni, haidrokotisoni na deksamethasoni zikitolewa kwa dozi kubwa hushusha TSH na kuzuia T4 isigeuke T3. Karatasi inaonyesha hitilafu, kumbe tezi ni nzima.

JE, WAJUA kwamba mwanasayansi mmoja anaziunganisha habari za thairoidi na za dawa hizi za pumu? Edward Kendall wa Marekani alitenga homoni ya T4 mwaka 1914. Mwaka 1950 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyotupatia kotisoni, chimbuko la dawa hizo hizo zinazookoa wenye pumu.

JE, WAJUA kwamba ugonjwa mkali peke yake hushusha T3? Mgonjwa aliyelazwa kwa shambulio kubwa la pumu anaweza kuwa na majibu mabaya leo, na akishapona yakarudi sawa bila dawa yoyote ya tezi.

JE, WAJUA kwamba inhela ya salbutamoli huweza kutetemesha mikono na kuukimbiza moyo? Dalili hizo hizo huletwa na thairoidi iliyozidisha kazi. Lakini ukikonda ilhali unakula vizuri, ukatoka jasho kupita kiasi na kukosa usingizi, usiisingizie inhela: pima tezi.

JE, WAJUA kwamba thairoidi inayozidisha kazi inaweza kuifanya pumu iwe ngumu kutuliza? Madaktari wameandika habari za wagonjwa ambao pumu yao iligomea dawa, kisha ikatulia tezi ilipotibiwa.

JE, WAJUA hatari kubwa kuliko zote hapa? Propranololi, dawa inayotumika sana kutuliza moyo wa mwenye thairoidi iliyozidisha kazi, huweza kubana njia za hewa za mwenye pumu hadi kuhatarisha maisha. Inafunga milango ile ile ambayo salbutamoli huifungua. Usiinunue dukani wala usiazime ya jirani.

JE, WAJUA kwamba aminofilini, dawa ya zamani ya pumu, huisha haraka mwilini mwa mtu ambaye thairoidi yake imezidisha kazi, na hukawia kwa yule ambaye yake imelegea? Dozi ile ile humfaa huyu ikamdhuru yule.

JE, WAJUA kwamba zamani wenye pumu walipewa iodidi ya potasiamu ili kulainisha makohozi? Waliotumia kwa muda mrefu, baadhi yao waliota rovu, au thairoidi ikalegea.

JE, WAJUA kwamba rovu kubwa likikandamiza koo huweza kudhaniwa kuwa pumu? Mluzi wa pumu husikika zaidi mtu anapotoa pumzi. Ukisikika zaidi anapovuta pumzi, shingo ichunguzwe haraka.

JE, WAJUA kwamba vidonge vya biotini, vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, huvuruga baadhi ya mashine za maabara? Mtu mzima wa afya huonekana kana kwamba thairoidi yake imezidisha kazi. Kwa kawaida hushauriwa kuviacha angalau siku 2 kabla ya kutoa damu.

JE, WAJUA kwamba moshi wa sigara hudhuru pande zote mbili? Huchochea pumu, na huzidisha ugonjwa wa macho unaoletwa na maradhi ya Graves, yale yanayoifanya thairoidi izidishe kazi.

JE, WAJUA kwamba mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu za madini ya joto (iodini) kwa siku ili thairoidi yake ifanye kazi, na mjamzito 250? Chumvi yenye madini hayo hutosha wengi. Ifunike vizuri, na usiiweke karibu na jiko.

Basi, ndugu msomaji, ukienda kupimwa tezi, beba dawa zako zote, pamoja na vidonge vya urembo. Mtajie daktari siku uliyomeza prednisoloni au kuchomwa sindano ya pumu kwa mara ya mwisho. Ikiwa majibu yana hitilafu ndogo na huna dalili nzito, muulize kama yanafaa kurudiwa baada ya wiki 6 hivi. Ukiandikiwa dawa ya moyo, sema kwanza: "Nina pumu." Na usiache inhela yako kwa sababu ya karatasi ya maabara.