Boksi, Feni na Mapafu ya Mpaka Rangi

Mifano ya ndege na meli hupuliziwa rangi kwa bunduki ndogo iliyounganishwa na kompresa, na rangi inayotumika ni kidogo mno. Udogo huo ndio unaohadaa. Fundi wa gereji aghalabu hupulizia uwanjani. Mjenzi wa mifano, sawa na mwanafunzi wa usanifu anayemalizia kielelezo cha jengo, huinamia meza ya chumbani, pua ikiwa karibu kabisa na kazi, na usiku hulala mumo humo.

Kinachosalia hewani ni vitu viwili, na tofauti yake haina budi kueleweka kabla ya msumari wa kwanza kupigwa. Kuna chembe za rangi, ambazo zile ndogo kuliko maikroni 10 hupita koo na kushuka kifuani. Kisha kuna mvuke wa tina, wenye kuumiza kichwa na kuleta kizunguzungu. Chujio la sponji hunasa chembe. Mvuke hupita kana kwamba hakuna kizuizi. Kwa hiyo kasha linalochuja hewa na kuirudisha chumbani huiokoa meza, si mapafu. Barakoa ya kitambaa nayo haizuii mvuke hata kidogo. Rangi za maji zina nafuu, lakini chembe zake ni chembe vilevile.

Kasha la plaiwudi lenye mdomo wa sentimita 60 kwa 40 latosha. Feni hufungwa nyuma, chujio mbele yake, na bomba pana, fupi, lisilo na kona nyingi hupeleka hewa nje, mbali na dirisha la jirani. Hewa yapasa kuingia mdomoni kwa kasi ya takribani mita 0.5 kwa sekunde. Eneo la mdomo huo ni mita za mraba 0.24, hivyo feni ivute mita za ujazo 432 kwa saa. Feni moja ya kompyuta, ipendwayo kwa urahisi wake, kwa kawaida haifikii hata nusu ya kiasi hicho. Tena tarakimu ya kwenye lebo hupimwa bila bomba wala chujio. Ni busara kuchagua kubwa zaidi. Mlango au dirisha jingine liachwe wazi, maana feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia.

Kabla ya kopo lolote kufunguliwa, udi uwashwe na kushikwa penye mdomo wa kasha. Moshi wote ukivutwa ndani, kasha linafanya kazi. Ukijikunja na kurudi usoni, feni ni dhaifu au bomba limeziba. Udi huo uzimwe kabisa kabla ya kazi. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko, na hushika moto hata kwa cheche ya mota. Ndiyo sababu mota hukaa nje ya njia ya hewa, au huwa ya aina isiyotoa cheche.

Ipo rangi ambayo kasha hili halipaswi kuikaribisha: ile ya magari, ichanganywayo na hadina. Hadina nyingi za poliurethani zina isosianeti, mojawapo ya visababishi vikuu vya pumu itokanayo na kazi. Pua si mlinzi hapa, kwa kuwa kemikali hii hudhuru hata isiponusika. Mwili ukishaizoea kwa ubaya, kiasi kidogo chatosha kubana kifua, na wapo wanaobaki na pumu hata baada ya kuacha kazi.

Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliwataka waganga wamwulize mgonjwa kazi yake. Leo swali hilo laongezewa jingine: na baada ya kazi, hufanya nini? Kifua cha isosianeti huweza kubana saa kadhaa baadaye, jioni au usiku, na kupata nafuu siku za mapumziko, hivyo mgonjwa mwenyewe huenda asihusishe mambo hayo mawili. Kasi ya kutoa pumzi ipimwe angalau mara 4 kwa siku, kwa wiki kadhaa, siku za kupulizia na zisizo za kupulizia, na kila kipimo kiandikwe pamoja na saa yake. Siku ya kliniki mgonjwa aje na daftari hilo, pamoja na picha ya lebo za kopo la rangi, tina na hadina.