Sungura, Mvua na Bunduki Ndogo: Ushauri kwa Wakulima wa Busia na Tororo

Mvua za masika zinaponyesha, kati ya Machi na Mei, mkulima wa mpakani hupanda kunde, soya na njugu karanga kwa matumaini makubwa. Miche hutoa majani mawili matatu, kisha asubuhi moja hukuta mistari mizima imekatwa usiku. Hapo ndipo huzuka swali ambalo halina budi kujibiwa waziwazi: je, mtu anaweza kupata bunduki ndogo, ile ya risasi ya .22, awamalize sungura hawa? Na kama anaweza, ni ipi inayostahimili mvua?

Hatulibezi swali hili, maana hasara ya shamba ni ya kweli na mlo wa watoto hutoka shambani humo. Tutaeleza kwanza bunduki yenyewe, kisha sheria za nchi zetu mbili, na mwisho njia zinazolinda mazao bila kumtia mkulima mashakani.

Bunduki hiyo ni ipi?

Bunduki ya .22 hutumia risasi ambayo baruti yake huwashwa kwa kugongwa ukingo wa kitako cha ganda. Kipenyo cha risasi ni milimita 5.6 hivi, na ile ya kawaida ina uzito wa gramu 2.6 tu. Mlio wake si mkubwa, na bei ya risasi zake ni nafuu kuliko ya nyingine nyingi. Kwa sababu hizo wakulima wa Uingereza, Australia na New Zealand huitumia sana dhidi ya sungura.

Lakini sungura wa huko si huyu wetu. Wao huchimba mashimo na kuishi kwa makundi. Nchini Australia waliachiliwa mwaka 1859 wakitoka Ulaya, wakazaana hadi wakawa janga la taifa. Sungura wetu wa mwituni hachimbi shimo. Mchana hujilaza katika majani, usiku hutoka kula, na mara nyingi huwa peke yake. Kumwinda kwa bunduki ni kufyatua risasi gizani, kuelekea mnyama mmoja aliyejificha katika magugu, karibu na nyumba za watu.

Udogo wa risasi hii ndio unaowadanganya wengi. Inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na bado ikaua. Tena hudunda kwa urahisi: ikigonga jiwe, dimbwi la maji au ardhi iliyoloa, huweza kuruka na kushika njia ambayo mpigaji hakuikusudia. Katika majira ya mvua hatari hiyo huzidi. Mahindi na mtama huwa vimerefuka na kuficha watu. Watoto huwa shambani wakifukuza ndege. Mpita njia huwa amejikinga chini ya mwembe akingoja mvua ipungue. Mashamba ya Samia, Teso na Tororo yamepakana sana, na mahali pengine ni mto Sio au mto Malaba tu unaotenga nchi na nchi. Risasi iliyofyatuliwa upande mmoja yaweza kumwangukia jamaa wa mpigaji upande wa pili.

Kwa wenye vyeti halali

Wapo miongoni mwetu wachache wanaomiliki silaha kwa idhini ya sheria kwa sababu nyingine, kama vile ulinzi. Kwao tunasema maneno manne kuhusu mvua.

Kwanza, chuma cha kawaida hushika kutu upesi katika unyevu wa nchi yetu. Chuma kisichoshika kutu kwa urahisi na kitako cha plastiki ngumu hustahimili zaidi, kwa kuwa kitako cha mti hunywa maji, kikavimba na kupinda. Hata hivyo, hakuna bunduki isiyohitaji kufutwa na kupakwa mafuta baada ya kunyeshewa.

Pili, maji au matope ndani ya mtutu ni hatari kubwa. Risasi ikikutana na kizuizi, mtutu waweza kupasuka usoni pa mwenye kuushika. Silaha iliyoanguka topeni isitumike kabisa mpaka imetolewa risasi na kukaguliwa.

Tatu, risasi za aina hii zikipata unyevu huweza kukataa kulipuka au kuchelewa kulipuka. Ukivuta kichocheo na kusiwe na mlio, usichungulie mtutu wala usifungue upesi. Elekeza bunduki mahali salama na ungoje angalau nusu dakika.

Nne, usihifadhi silaha ndani ya mfuko wake uliolowa, maana mfuko hufuga unyevu. Ikaushe, kisha uifungie kabatini kwa kufuli, mbali na risasi zake na mbali na watoto.

Sheria za nchi mbili

Nchini Kenya, Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inamkataza mtu kununua, kupata au kuwa na silaha ya moto au risasi pasipo cheti. Mwombaji hutakiwa kuonyesha sababu ya kuridhisha, na ni lazima ithibitike kwamba kumpa silaha hakutahatarisha usalama wa umma. Nchini Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 nayo inadai cheti. Udogo wa risasi haumwondolei mtu sharti hilo katika nchi yoyote kati ya hizi mbili. Bunduki iliyoundwa na fundi wa kijijini kwa bomba la chuma pia ni silaha ya moto, na mara nyingi humdhuru mwenyewe kabla ya kumfikia mnyama.

Jambo la pili hupuuzwa zaidi. Cheti cha Kenya hakimruhusu mtu kuingia Uganda na bunduki, wala cha Uganda hakifanyi kazi Kenya. Kuvuka na silaha au risasi bila kibali, iwe kwa lango la Busia au la Malaba, iwe kwa njia za panya, ni kosa zito. Nchi zote mbili zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu udhibiti wa silaha ndogo, na polisi wa pande mbili hushirikiana katika kuitekeleza.

Jambo la tatu ni kwamba sungura wa mwituni ni mnyamapori. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza uwindaji hata wa kujipatia kitoweo, pamoja na biashara ya nyama ya porini. Kwa hiyo hata mwenye cheti halali cha silaha hana ruhusa ya kuwinda sungura. Nchini Uganda, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inataka idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori kabla ya kuwinda. Wanyama waliotangazwa kuwa waharibifu, kama nyani, tumbili na nguruwe mwitu, hushughulikiwa kupitia maofisa wa wilaya.

Tusidanganyane pia kuhusu fidia. Sheria za nchi zote mbili zimetaja wanyama ambao madhara yao yaweza kufidiwa, kama tembo na nyati. Sungura hayumo. Hivyo kinga ya shamba ndiyo tegemeo la mkulima.

Njia zinazolinda shamba

Mtambue kwanza mharibifu. Sungura hukata shina changa kwa mkato safi wa mshazari, kana kwamba limekatwa kwa kisu, na huacha vinyesi vya mviringo vilivyotawanyika. Ndezi hukata mashina mazito ya miwa na mahindi na huacha vijia katika nyasi. Nungunungu hufukua mihogo, viazi na njugu. Tumbili huvunja na kutupa ovyo, tena mchana. Anayemtega asiyemjua hupoteza jasho lake bure.

Ikiwa ni sungura, fyeka ukanda wa mita kadhaa kuzunguka shamba. Mnyama huyu hutegemea maficho, na hapendi kuvuka mahali peupe. Kazi hiyo hufaa zaidi ikifanywa kabla ya mvua kukolea, kisha irudiwe kila magugu yanapoota.

Zungushia bustani ya miche wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi sentimita tatu. Kimo chake kisipungue mita moja, na sehemu ya chini ikunjwe kuelekea nje na kufukiwa sentimita 15 hivi, ili mnyama asipenye chini. Asiye na fedha za wavu anaweza kusuka ua wa miiba uliobanwa vizuri chini. Majirani wakiungana kuzungushia mashamba yaliyopakana, gharama ya kila mmoja hupungua sana. Kinga hiyo huhitajika hasa majuma ya mwanzo, kabla mimea haijakomaa.

Mbwa wa ulinzi husaidia kwa harufu na kelele zake, mradi afungwe ndani ya shamba lako na awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa.

Usitumie sumu. Dawa ya wadudu iliyopakwa kwenye majani au chambo huua mbwa, kuku na ndege, husombwa na mvua hadi kisimani, na nyama ya mnyama aliyeila huweza kumuua mlaji. Vitanzi vya waya pia ni kosa kisheria, na mara nyingi hunasa mbuzi wa jirani.

Uharibifu ukizidi, upande wa Kenya mwarifu chifu, naye awasiliane na ofisi ya KWS. Upande wa Uganda mwone mwenyekiti wa LC1, naye apeleke taarifa katika wilaya. Piga picha za uharibifu mapema, kabla mvua haijafuta nyayo.

Ombi letu

Ukiona bunduki au risasi imetupwa kichakani au ukingoni mwa mto, usiiguse na usiwaruhusu watoto waisogelee. Weka alama mahali hapo kwa mbali, kisha utoe taarifa kituoni au upige simu nambari 999 au 112, ambazo hutumika Kenya na Uganda pia. Na anayekuletea bunduki kwa bei nafuu ili ulinde kunde zako, jiulize imetoka wapi na ilitumika wapi kabla ya kufika mkononi mwake. Ukiinunua, maswali hayo utaulizwa wewe. Mistari ya kunde iliyoliwa hupandwa upya mvua zingali zinanyesha. Mtoto wa jirani aliyepigwa risasi gizani harudishwi na mvua yoyote.